Moyo wa Chaki Sakafuni

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nimechana kurasa za mwanzo zenye mikondo ya bahari; zilizobaki ni nyeupe. Mwalimu wa Kiswahili anasema anayetaka kuandika vizuri aandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja, na asijidanganye. Nitajitahidi kwa yote mawili.

Muhula umefunguliwa leo. Asubuhi, tukiwa bado mistarini, Mkuu wa shule ametangaza kwamba walimu wote watafundishwa kutumia akili mnemba katika kazi yao. Vishikwambi vimeshaletwa, na kila Alhamisi mchana atakuja mkufunzi kukaa nao. Mwishoni kila mwalimu atafundisha somo moja la mfano, mkufunzi akimtazama na kumpa alama. Atakayefaulu ndiye atakayefundisha kidato cha nne mwakani, mwaka wa mtihani. Asiyefaulu atashushwa kidato cha kwanza. Na masomo hayo ya mfano yatafanyika darasani kwetu, Kidato cha Tatu B.

"Tumeshageuzwa panya wa maabara," Kasuku amesema, "na maabara yenyewe hatuna." Kasuku ni jirani yangu wa dawati. Ana jina lake, lakini hata walimu wameshalisahau.

Wote wamecheka. Mimi nimetazama viatu vyangu. Mwalimu wetu wa Baiolojia ni Mama. Amefundisha kidato cha nne tangu sijazaliwa, na hadi leo akitaka namba kwenye simu yake humpa mtu amtafutie.

Shuleni namwita Mwalimu. Nyumbani namwita Mama. Njiani, tukiwa tunarudi na wanafunzi wenzangu wako karibu, simwiti kitu chochote.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mawingu yamekuja, yametutazama, yameondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mkufunzi amefika. Ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, na kompyuta yake ameiviringisha ndani ya mfuko wa plastiki kama mkate. Tulipopeleka madaftari ofisini tumewakuta walimu wamekaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yamewafika kifuani. Mwalimu wa Kemia, yule kijana tunayemwita Chapuchapu, alikuwa ameshamaliza zoezi na anawasaidia wenzake. Mama alikuwa ameshika kishikwambi kwa mikono miwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake.

Amekuja nacho nyumbani amekifunga katika kitambaa cha kichwa. Bibi, mama yake Mama, amekizunguka mara mbili.

"Huyu mgeni anakula nini?" ameuliza.

Mama ameonyesha waya wa umeme.

Bibi hasikii. Masikio yake yalianza kuzimika nilipokuwa darasa la pili, na sasa nyumbani kwetu tunaongea kwa mikono. Hakuna aliyetufundisha, tumejitungia wenyewe. Mama ni vidole vitatu vilivyoshika chaki hewani. Mimi ni mkono unaovuta nywele, kwa sababu nilikuwa nalia nikisukwa. Kiganja kifuani ni "wangu". Bibi anajibu kwa sauti, kubwa mno, kwa hiyo siri za nyumba yetu majirani wote wanazo.

Tangu jioni amekuwa akipiga kelele kutoka jikoni: "Mgeni ameshiba? Mchomoeni basi, atavimbiwa!"

Ijumaa, 14 Machi

Chapuchapu ameturudishia majaribio ya Kemia. Alitupa maswali Jumatano, leo yamesahihishwa yote, darasa zima, kila karatasi na maoni yaliyochapwa chini. Tumeshangaa sana, maana kwa walimu wengine unaweza kusahau kwamba uliwahi kufanya jaribio.

Maoni yangu: "Umeonyesha juhudi nzuri. Endelea kujisomea na utafika mbali." Nimefurahi. Kisha Kasuku amenionyesha yake. Ni yale yale. Tukaanza kuchungulia madawati ya wengine. Kuna mvulana wa nyuma aliyeandika jina lake tu kisha akalala. Naye ameonyesha juhudi nzuri.

"Atafika mbali," Kasuku akasema, "akiamka."

Hata hivyo darasa linampenda Chapuchapu. Anatembea haraka, anaandika haraka, na hakukuta jambo kwenye kile kishikwambi likamshinda. Nimewaza kitu na kwa kuwa nimeahidi kutojidanganya nakiandika: Mama akishushwa, Baiolojia yetu ya mwakani atapewa yeye, maana aliisomea pia. Na mimi nimeona kwamba haitakuwa vibaya.

Jumatatu, 17 Machi

Joto bado. Mama ameanza kuamka mapema kuliko kawaida ili akae na Mgeni kabla ya chai.

Jumatano, 19 Machi

Leo sikutaka kuandika kabisa.

Mama ameingia darasani na andalio la somo lililopigwa chapa. Hilo tu limetushangaza, kwa sababu andalio la Mama huwa ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu, na mara nyingi haitazami. Leo alikuwa anasoma, mstari kwa mstari, kwa sauti ambayo si yake. Sauti ya mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine.

"Leo tutachunguza seli za damu. Wanafunzi, kaeni katika makundi ya watu wanne wanne."

Tumekaa.

"Kila kundi lichukue hadubini yake."

Shule yetu ina hadubini moja. Imo kabatini ofisini, na lenzi yake ilipotea zamani. Mama anajua hivyo kuliko mtu yeyote, yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Lakini alikuwa ameshaisoma sentensi, na sentensi ilikuwa imeshatoka.

"Mwalimu," Kasuku akasema kwa adabu kabisa, "sisi yetu tumeisahau nyumbani."

Darasa likalipuka. Mmoja akasema yake imeliwa na mbuzi. Mwingine akainuka akajifanya anaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa anaipiga pasi. Mama akatazama karatasi kana kwamba ingemwokoa, akasoma mstari uliofuata, na huo ulisema tuwashe projekta. Basi hapo hata mimi ningecheka, kama angekuwa mwalimu mwingine.

Sikucheka. Lakini sikumtazama pia. Nilitazama jina la mtu lililochongwa juu ya dawati langu, nikalisoma tena na tena hadi kengele ikalia.

Njiani nilitembea nyuma yake. Kivuli chake kilikuwa kinanifikia miguuni na nilikuwa nakikwepa.

Nyumbani, baada ya kuosha vyombo, nimemwambia: "Mama, nipe mimi nikuandalie. Dakika kumi tu. Siku ya somo la mfano utakuta kila kitu kiko tayari."

"Na ubaoni utasimama wewe?"

"Sina maana hiyo. Hukiulizi vizuri, Mama. Umekiambia tu nipe somo la damu. Kinadhani tuna kila kitu."

Alikuwa anafuta meza. Ameifuta mahali pale pale kwa muda.

"Hicho ndicho kilichonikasirisha," akasema. "Si nyinyi. Nyinyi ni watoto, na kusema kweli ile ya pasi ilikuwa nzuri. Nimekasirika kwa sababu nilijua hatuna hadubini, na bado nikasoma. Miaka yote hii nimewaambia msimeze kitu bila kutafuna, halafu leo nimemeza mimi, mbele yenu."

"Basi nikuandalie."

"Hapana. Nifundishe kuuliza. Usiniulizie."

Alhamisi, 20 Machi

Mkufunzi amekuja. Mama amemweleza habari ya hadubini mbele ya walimu wote, bila kuulizwa. Nimesikia kwa Kasuku, ambaye alikuwa anafagia chini ya dirisha la ofisi na alichukua muda mrefu kupafagia. Anasema walimu walianza kucheka kisha wakanyamaza, halafu Mwalimu wa Historia akasema yeye alipewa andalio lenye safari ya makumbusho.

Mkufunzi amewaambia mambo mawili. Moja, mashine haijawahi kuingia katika darasa lenu, kwa hiyo iambieni lilivyo kabla ya kuiomba lolote. Mbili, majina ya wanafunzi na siri zao zisiingie humo kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi nzima tumekaa mezani, Mama, mimi na Mgeni. Sheria ni kwamba mimi sigusi. Nikitaka kugusa, nikalie mikono.

Mama anaandika kwa kidole kimoja. Ameandika darasa letu lote: kwamba tuko hamsini na kitu, kwamba madawati ni ya watu watatu na tunakaa wanne, kwamba tuna ubao, chaki, sakafu ya saruji, vitabu kumi na viwili, paa la bati linalovuja upande wa kaskazini, na umeme unaokuja ukipenda. Sikuwahi kuliona darasa letu limeandikwa hivyo. Nilidhani litaonekana la kusikitisha. Lilionekana kama orodha ya vyombo vya mpishi anayejua anachokwenda kupika.

Majibu yakawa tofauti kabisa. Hakuna hadubini. Hata hivyo Mama hakuridhika. Amechukua kitabu cha Baiolojia na kalamu nyekundu, akawa anakagua kila sentensi kama anavyokagua madaftari yetu. Akifika asipopapenda anasema, "Hapana bwana, rudi tena," kama anayebishana na muuza nyanya. Kuna mahali palipoandikwa kwamba ateri zote hubeba damu yenye oksijeni. Mama akapiga meza.

"Kimekosea! Ile inayokwenda mapafuni je? Hiyo inabeba damu ambayo bado haijapata oksijeni!"

Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Bibi aliona meza ikiruka, akauliza kwa kelele, "Mgeni kafanya nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono: amekosea, Mama amemkamata.

"Mpeni adhabu," Bibi akasema. "Asile leo."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Hatimaye.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Kipindi cha tatu na cha nne hatukusikia kitu. Bati letu halina dari, na ikinyesha kweli ni kama mtu anamwaga kokoto kichwani. Walimu hukaa tu hadi ipite.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Baiolojia hakuna. Tumenakili kurasa mbili kutoka kitabuni.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Hisabati hakuna, Baiolojia nusu. Mama alipaza sauti hadi mishipa ikamtoka shingoni, na bado sisi wa nyuma tuliona mdomo tu ukifunguka na kujifunga. Jioni hakuweza kuongea. Nyumbani hilo halikuwa tatizo.

Ijumaa, 4 Aprili

Ratiba ya masomo ya mfano imebandikwa. Chapuchapu ni tarehe 10. Mama ni tarehe 24, kipindi cha baada ya mapumziko. Kwa kawaida ya wiki hizi, huo ndio wakati mvua inakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Chapuchapu amefundisha, na sikufurahia nilichokiona, ingawa mwezi uliopita ningesema nitafurahia.

Alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na video ya metali zikiungua kwa rangi mbalimbali, na maswali ambayo kishikwambi kingeuliza chenyewe kwa sauti. Amevaa tai. Mkufunzi amekaa nyuma na fomu yake. Sentensi ya tatu mvua ikaanguka, sentensi ya nne umeme ukakatika na mtandao ukaenda nao.

Akaenda dirishani akakiinua kile kishikwambi juu, akitafuta mtandao. Akaenda kwenye dirisha la pili. Mgongo wake ulikuwa umelowa. Midomo yake ilikuwa inasema "subirini kidogo", hilo hata sisi wa nyuma tulilisoma. Tumesubiri kidogo hadi kengele.

Hakuna aliyecheka, hata Kasuku. Nafikiri tungemcheka kama angekuwa mvivu. Chapuchapu si mvivu. Alikuwa ameweka somo lote ndani ya kitu kimoja, na kitu hicho kimezimika.

Ameambiwa atarudia. Jioni nimemwona Mama amesimama naye kwenye veranda ya ofisi, wameshikana mikono muda mrefu kama watu waliofiwa.

Jumapili, 13 Aprili

Hili naliandika lote.

Mvua imeanza tukiwa tunapika. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka huu. Mama alikuwa jikoni, mimi mlangoni, na tukawa tunapigiana kelele.

"Lete chumvi!"

"Nini?"

"Chumvi!"

"Nani amekuja?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mboga. Ametutazama, mimi kisha Mama kisha mimi, jinsi tunavyokunja nyuso na kuweka mikono masikioni. Akaanza kucheka. Akacheka hadi mboga zikamwagika.

"Leo nyote mmekuwa mimi!" akasema. "Mnateseka nini? Mikono mmeiweka wapi?"

Akanitazama, akasugua ncha za vidole kama anayenyunyiza kitu. Chumvi. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu. Nikaichukua nikampa Mama.

Mama hakuipokea. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni, anamtazama Bibi kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza. Kisha akazima jiko. Hatukula hadi saa tisa.

Amemuuliza Mgeni: nifundishe vipi darasa ambalo halinisikii kwa sababu ya mvua? Jibu la kwanza likasema atumie kipaza sauti. "Rudi tena, bwana." La pili, aahirishe. "Niahirishe hadi mwezi wa sita?" La tatu lilikuwa na mapendekezo mengi, na Mama akawa anayakata moja baada ya jingine kwa kalamu nyekundu, hili linataka karatasi tusizo nazo, hili ni la watoto wadogo, hili ni upuuzi. Akafika kwenye moja lililosema wanafunzi wanaweza kuigiza mchakato kwa miili yao. Hapo kalamu ikasimama. Akatazama mikono ya Bibi, akatazama sakafu.

"Saruji," akasema. "Tuna saruji."

Nikamuuliza, saruji ya nini?

"Wewe siku hiyo ni mwanafunzi," akasema. "Toka hapa."

Nimeondoka. Nimekaa chumbani na nimegundua kwamba sitaki kufundishwa Baiolojia na Chapuchapu. Si kwa sababu ya alichofanya Alhamisi. Nataka nifundishwe na huyu aliye jikoni.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Chapuchapu amekuja nyumbani. Nilipomwona mlangoni bila tai nilikaribia kuficha madaftari. Kumbe Mama amemwita. Wamekata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni mchana kutwa, nyingine wakazipaka bluu, nyingine nyekundu. Kadi nyeupe za kuandikia sentensi wamezifunika nisizione.

"Mwalimu," amemwambia Mama, "lakini fomu ya mkufunzi ina kisanduku cha kutumia kifaa darasani. Ukikiacha nyumbani utapoteza hizo alama. Mimi ningekibeba hata kama kimezimika."

"Wewe ulikibeba, mdogo wangu. Kilikusaidia?"

Amecheka, lakini kidogo. Bibi amemsogezea chakula kisha akaniuliza kwa kile anachoamini ni mnong'ono, "Huyu naye anachajiwa wapi?"

Jumanne, 22 Aprili

Nimeangalia fomu kwa Kasuku, ambaye amepata kuiona sijui wapi. Chapuchapu alisema kweli. Bila alama za kisanduku kile, mwalimu hawezi kukosea kitu kingine chochote na bado akafaulu.

Nimemwambia Mama akibebe tu, akiweke mezani. Amenijibu akiwa amenipa mgongo: "Nikikiweka mezani kwa ajili ya kisanduku, nitakuwa nimesoma tena lile andalio la hadubini."

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Wakati wa mapumziko Mama alifunga mlango wa darasa letu kwa ndani. Tulirudi tukakuta madawati yote yamesukumwa ukutani na sakafuni kuna moyo. Si moyo wa kadi za mapenzi. Moyo wenyewe, umechorwa kwa chaki, mkubwa kiasi cha kutembea ndani yake, na vyumba vyake vinne, na milango kati ya vyumba, na njia zinazotoka na kuingia. Upande wa dirisha ameandika MAPAFU. Upande wa ubao ameandika MWILI. Mkufunzi alikuwa ameketi pembeni na fomu yake juu ya goti. Meza ya mwalimu ilikuwa tupu. Nikaona mkufunzi anaitazama meza, anaitazama tena.

Mama akafungua mdomo atusalimu, na mvua ikaanguka.

Nikasema basi, yamekwisha. Nilimwona Chapuchapu nje kwenye veranda ameshika kichwa.

Mama akafunga mdomo. Akatabasamu. Akageuka ubaoni, akaandika:

"Leo ninyi ni damu. Kila kundi lina kadi inayowaambia njia. Sentensi za kadi niliandikiwa na mashine, nami nikazikagua. Moja ina kosa, nimeiacha makusudi. Itafuteni. Vitabu vinaruhusiwa. Vinywa havina kazi leo."

Kisha akainua mikono, na mimi nikaijua mikono ile. "Njoo" ya Bibi. "Simama hapo" ya Bibi. "Pole pole" ya Bibi. Darasa zima liliielewa bila kufundishwa, kama mimi nilivyoielewa nikiwa mdogo. Kasuku aliwekwa mlangoni, pale njia ya mapafuni inapoanza, awe vali: aruhusu wanaokwenda mbele, azuie wanaotaka kurudi nyuma. Kasuku asiyeweza kusema! Alitanua mikono na kukunja uso kama askari wa lango kuu.

Tukaanza kutembea. Kutoka mwilini unashika kadi ya bluu, unaingia chumba cha juu kulia, unashuka, unapita kwa Kasuku, unakwenda mapafuni, unabadilishiwa nyekundu, unarudi kushoto, unashuka, unasukumwa mwilini. Mara ya kwanza tuligongana. Mara ya pili tulipita. Mara ya tatu kulikuwa na mwendo, watu hamsini na kitu, na nilisikia kwa miguu yangu kitu nilichokuwa nakinakili tu kutoka kitabuni. Paa likaanza kuvuja kwenye chumba cha chini kushoto, chaki ikawa inayeyuka. Mvulana aliyeonyesha juhudi nzuri akaleta ndoo, akaiweka papo hapo, na damu ikaendelea kwa kuizunguka.

Hapo Mama akamwendea mkufunzi. Akampa kadi nyeupe na kadi nyekundu, akamwonyesha njia kwa mkono wazi: karibu.

Mkufunzi akaweka fomu kitini. Akaingia moyoni na viatu vyake vya mpira, akaifuata kadi yake vizuri kabisa, akafika kwa Kasuku. Kasuku akamzuia. Akaonyesha kadi nyekundu, akaonyesha mapafu, akatikisa kichwa: hujafika huko bado, nyekundu umeipata wapi? Mkufunzi akamwonyesha sentensi. Kasuku akaisoma, akasita. Akanipungia mimi. Nikaisoma: "Ateri zote hubeba damu yenye oksijeni."

Nilikumbuka meza ikipigwa. Lakini siku hii nilikuwa mwanafunzi, kwa hiyo sikunyoosha kidole. Nilikwenda kuchukua kitabu, nikatafuta mchoro, nikauinua juu wote wauone. Mshipa unaokwenda mapafuni umepakwa bluu. Wakasongamana, wakafuata mstari kwa vidole, wakatazama sakafu, wakatazama kitabu. Mmoja mmoja nyuso zikafunguka.

Na mvua ikakatika. Ghafla, kama inavyofanya. Kimya kikawa kikubwa kuliko kelele. Hakuna aliyeongea, tulikuwa tumezoea.

Mama akasema neno lake la kwanza la somo zima:

"Haya. Kosa lilikuwa kwa nani?"

Vidole hamsini na kitu vikamwelekea mkufunzi.

Alicheka hadi akashika ndoo. Lakini kengele ilipolia na tukawa tunarudisha madawati, nilimsikia akimuuliza Mama kwa sauti ya kazi, "Mwalimu, kifaa kiko wapi?"

"Nyumbani. Mama yangu anakilinda."

"Fomu inasema kitumike darasani."

"Kimetumika tangu Jumapili ile nyingine. Kimeniandikia sentensi thelathini, nikabakiza tisa na kosa moja. Leo hakikuwa na kazi hapa. Andika unavyoona."

Mkufunzi hakuandika kitu mbele yetu.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna habari. Moyo bado uko sakafuni. Zamu ya usafi imefagia kwa kuuzunguka.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna habari. Bibi anauliza kila nikiingia.

Ijumaa, 2 Mei

Jana ilikuwa sikukuu, kwa hiyo mkufunzi amekuja leo, ameingia na Mkuu wa shule katika kipindi cha Baiolojia. Amesema amekaa na kile kisanduku wiki nzima, kisha amekikata na kuandika kingine kwa mkono: "Mwalimu anajua kifaa kinafaa wapi na hakifai wapi." Na ndani yake ameweka alama zote.

Mama ameuliza, "Mwalimu wa Kemia anarudia lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi tuna siku za kutosha. Sakafu ipo."

Mkuu ametutangazia kwamba Baiolojia ya Kidato cha Nne B mwakani itabaki kwa mwalimu wake. Kasuku amepiga makofi kwanza. Mimi nimepiga mwisho, kwa sababu mikono ilikuwa imegoma.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza tena, na darasa zima lilikuwa njiani, mifuko vichwani. Mama alikuwa mbele na kishikwambi kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamwita. Nikamwita kwa jina lile la nyumbani, kwa nguvu zangu zote, mbele ya wote. Mvua ikalimeza.

Basi nikakimbia nikampita, nikageuka, nikasimama mbele yake katikati ya njia. Nikashika chaki hewani kwa vidole vitatu. Kisha nikaweka kiganja kifuani.

Kasuku akauliza kwa mikono, ile maana yake ni nini. Nikamfundisha.